Usilale Hapo, Mama

Mimi ninaogopa Ziwa Kivu, na ninasema wazi. Wenzangu wa labo, maabara yetu ya maji, wananicheka: eti Kadidja, miaka yote hii unapima maji, bado unaogopa? Ndiyo, bado. Ninaogopa kwa sababu ninapima. Ungejua kilichoko chini ya yale maji mazuri unayopigia picha Jumapili, siku ya dimanche, wewe pia ungeogopa, na picha ungezipigia nyumbani kwako.

Kazi yangu ni hii. Ninaenda katikati ya ziwa na mutumbwi wa moteri, ninashusha chombo kwa kamba ndefu, na kile chombo kinaniambia joto, chumvi na oksijeni ya kila metre kinaposhuka. Halafu ninakaa na kujiuliza kwa nini samaki wako hapa na hawako pale. Watu wanafikiri samaki anajiendea anapotaka. Aka! Samaki anaenda pale maji yanapomuruhusu. Huku juu kuna maji mepesi yenye hewa, na ndani yake sambaza, wale samaki wetu wadogo, wanakula na kuzaana. Chini kuna maji mazito yaliyojaa gazi, gesi ya volkano, hayana hata chembe ya oksijeni. Mazito hayapandi, mepesi hayashuki. Kati yao kuna mupaka, na sambaza akiuvuka anakufa tu, bila kuumwa na kitu, bila kujua amekosea wapi.

Kiangazi ndipo mambo yanabadilika. Upepo wa kusini unakuja na kuyakoroga maji ya juu mpaka mbali chini. Chakula kilichokuwa kimezama kinapanda, mwani unaota, vidudu vinakula mwani, sambaza wanakula vidudu, na Goma yote inakula sambaza.

Mama yangu haelewi kitu katika hayo, wala hataki kuelewa. Yeye anauza sambaza wa kukaanga pale soko la Mapendo, na kwangu anataka kujua jambo moja tu: upepo umekoroga ao bado? Jina lake ni Fatuma, lakini tangu nizaliwe hakuna anayemuita hivyo. Ni Mama Kadidja kwa majirani, Mama Kadidja kwa wateja, na hata mimi nikimutafuta sokoni ninauliza, “Mama Kadidja iko wapi?” Asubuhi ananigongea mulango: “Daktari wa maji! Ziwa yako imeamuka vipi leo?” Nikimwambia imeamuka vizuri, anabeba beseni yake na kufika pwani mbele ya wote. Halafu anarudi sokoni na maringo, utafikiri sambaza ni yeye aliyewaita kwa majina.

Siku ile ilikuwa mwezi wa nane. Upepo ulikuwa umepiga wiki nzima, mabati yanalia, vumbi nyeusi ya volkano inaingia mpaka ndani ya sukari. Jioni ya jana yake ukakatika, na asubuhi haukurudi. Kimya kabisa, hata kitambaa cha dirisha hakitikisiki. Mama akasema atakuja nami mpaka pwani, awangojee wavuvi wanaorudi, ili achague mwenyewe kabla ya wale wamama wengine kuweka mikono yao.

Tunapandia mutumbwi kwenye pwani ndogo kupita mutaa wa Himbi, pale mawe ya volkano yanaingia majini. Juu kidogo, kando ya njia ya kupandia barabarani, kuna shimo. Ni pana kama kiwanja cha nyumba, kina chake kinamuzidi mutu, na limeota majani mazuri kuliko pote pale. Zamani kulikuwa na ubao wenye picha ya kichwa cha mufu. Mutu aliuiba akachochea nao moto. Nafikiri alipika maharagi akala, na alilala vizuri.

“Mama, ngojea hapa kwenye jiwe,” nilimwambia. “Kule shimoni usiende. Kuna mazuku.”

“Mazuku, mazuku,” akasema, anajifunga kitenge chake cha manjano vizuri. “Mimi niko Goma tangu wewe hujawa hata wazo. Nenda ukapime maji yako.”

“Mama, sichezi.”

“Na mimi sichezi. Nenda! Wavuvi watafika bado unanihubiria tu hapa.”

Kama hujakaa huku kwetu, nikueleze. Mazuku ni gazi inayotoka katika nyufa za mawe. Haina rangi, haina harufu, haina sauti. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inashuka na kujaa mashimoni, inakaa mule kama supu katika bakuli. Upepo ukipiga, inafagiliwa. Upepo usipokuwapo, inaongezeka pole pole. Mbuzi anaingia kula majani, anapiga magoti, basi, imekwisha. Mutu aliyesimama anaweza kupita na gazi imemufika kiunoni, asijue kitu, kwa sababu pua yake iko juu. Lakini akiinama kufunga kiatu, hainuki. Kila ninapopita pale ninaona lile shimo ni ziwa langu lingine, lenye mupaka wake, na sisi ndio sambaza.

Tukaenda. Mwenye kushika moteri ni Baharanyi, kijana wa upande wa Bukavu, mukatoliki wa kweli kweli: hawashi moteri bila kupiga ishara ya musalaba. Ananiita “dada Kadidja” akiwa na raha na “madame” akiwa na woga. Asubuhi ile alikuwa na raha.

“Dada Kadidja, leo mama yako atafunga soko. Nani atauza karibu yake?”

Nilikuwa ninaangalia maji, na yale maji sikuyapenda. Yalikuwa laini kama mafuta ya mawese yaliyoganda. Mbali kidogo na pwani nikaona kitu kinachochemka juu, nikafikiri ni mvua inadondoka. Mvua gani mwezi wa nane? Walikuwa sambaza. Sambaza wa muchana, kundi zima, juu kabisa, wanarukaruka na kugongana. Sambaza muchana anakaa chini, anajificha ndege wasimule. Akija juu jua likiwaka, ujue huko chini kuna kitu kinachomutisha kuliko ndege.

“Ni baraka hii,” Baharanyi akasema.

“Si baraka,” nikasema. “Zima moteri.”

Nikashusha chombo. Namba za oksijeni zilianza kuanguka mapema sana, mapema kuliko wiki yote. Mupaka ulikuwa umepanda. Nilielewa mara moja. Wiki nzima upepo ulikuwa unasukuma maji ya juu kuja kwetu kaskazini, yamerundikana hapa na kuyakandamiza yale mazito. Sasa upepo umeacha, na yale mazito yanainuka, kama mutu uliyekuwa umemukalia halafu ukasimama. Sambaza wamebanwa juu kwa sababu chini ya matumbo yao hakuna tena hewa. Ni jambo la kawaida, linatokea, ziwa linayumba hivyo halafu linatulia. Hayo niliyajua kichwani. Mwilini jasho jembamba lilinitoka.

Halafu ndipo nilipofikiria upande wa pili wa ule ukimya. Upepo haupo. Usiku wote haukuwapo. Kama hakuna upepo wa kukoroga ziwa, hakuna upepo wa kufagia shimo.

Nikageuka. Pwani haikuwa mbali, niliona jiwe na niliona kile kitenge cha manjano juu yake, mama amekaa, beseni iko miguuni. Moyo ukashuka kidogo mahali pake. Karibu na shimo, kwenye majani, kulikuwa na kitu cheupe. Nilikaza macho. Yangeyange alikuwa amelala na mabawa wazi, na yangeyange halali hivyo.

“Turudi,” nilisema.

“Tumepima mara moja tu, dada.”

“Nimesema turudi!”

Nilikuwa ninavuta kamba, chombo bado majini, risasi zilipoanza.

Zilitoka juu, upande wa barabara. Kwanza moja moja, halafu mufululizo. Nani alikuwa anamupiga nani sijui, na usiniulize, kwetu mutu hajui na kesho yake anasikia hadithi tano. Baharanyi alianguka kifudifudi ndani ya mutumbwi, “Yesu, Maria, Yosefu,” mikono juu ya kichwa. Mimi pia mwili wangu ulitaka kulala. Ulianza kulala wenyewe. Magoti yalikuwa yameshakunjika nilipotazama pwani na kumuona mama anasimama, anachukua beseni yake na kukimbia.

Hakukimbilia majini. Hakukimbilia nyuma ya jiwe. Alikimbia moja kwa moja kwenye lile shimo, akashuka, kitenge cha manjano kikapotea.

Ni lazima nikwambie habari ya mama yangu na risasi, la sivyo utasema ni mujinga. Si mujinga. Ametulea watoto sita katika mji huu, na vita vyote vilivyopita hapa vimetupita juu, kwa sababu yeye alitulaza chini. Mulio wa kwanza tu, tulikuwa sakafuni. Tulilala kwenye simenti ya bafu, tulilala kando ya ukuta, tulilala kwenye mufereji wa jirani na maji machafu yanapita puani. Yeye alilala juu yetu, mwili wake ule mukubwa, anatubonyeza vichwa na kusema, “Lala! Lala we! Usiinue kichwa.” Sisi tulikuwa tunakosa pumzi kwa uzito wake, lakini wote sita tuko wazima. Ukimwambia mama kwamba kuna siku ya risasi ambayo mutu anatakiwa kusimama, ni sawa na kumwambia kwamba kuna siku ya njaa ambayo mutu anatakiwa kutapika.

Na sasa alikuwa amelala. Amelala vizuri, kama anavyojua, uso kwenye udongo, mahali pa chini kuliko pote. Nilipiga simu yake. Ililia, ililia, ikakatika.

“Baharanyi, washa moteri.”

“Madame, watatuona!”

“Washa!”

“Madame, mimi niko na bibi na mutoto…”

“Na mimi niko na mama!” Sauti iliyonitoka sikuijua. “Ako mu mazuku! Unasikia? Amelala mu mazuku! Washa, ao nitakutupa majini, wallahi, nitakutupa!”

Alinitazama. Halafu, namna alivyolala, bila kuinua tumbo, alinyoosha mukono na kuvuta kamba ya moteri. Haikushika. Alivuta tena. Haikushika. Nilianza kupiga maji kwa mikono kama mwenda wazimu, na chombo cha labo kinaburutwa nyuma yetu, ile kamba ndefu yote, na sikujali hata kidogo. Mara ya tatu ikashika. Tulikwenda pwani yeye amelala na mimi nimepiga magoti, na kila mulio ulipotoka kule juu nilihisi unaniingia katika kifua, lakini haukuniingia.

Nilikuwa ninahesabu pumzi za mama. Ni ujinga, sikumuona, lakini nilizihesabu. Sasa anavuta moja. Sasa anavuta nyingine. Kama gazi ni kali, mbili zinatosha. Kama si kali sana, kichwa kinauma kwanza, moyo unakimbia, halafu unasikia raha ya usingizi. Mungu wangu, isiwe kali. Niliomba hivyo kama mutoto mudogo: isiwe kali, isiwe kali.

Niliruka kabla hatujagusa chini, nikaanguka kwenye mawe, nikainuka, nikapanda. Nilifika kwenye kingo ya shimo na pale nikasimama.

Alikuwa amelala katikati ya muteremuko, si chini kabisa. Hiyo ndiyo ilimuweka hai mpaka dakika ile. Uso kwenye majani, beseni juu ya kichwa. Chini yake, karibu na miguu, nilimuona mbwa mudogo ambaye kutoka majini sikumuona. Hakuwa amelala usingizi.

“Mama!”

Beseni ilitikisika. “Lala we!” sauti ikatoka chini yake, nzito, ya mulevi. “Unasimama nini? Lala!”

Alikuwa hai. Nilitaka kulia kwa furaha na kwa hofu pamoja.

“Mama, simama! Simama sasa hivi! Umelala mu mazuku!”

“Watakupiga, we mutoto. Lala.”

“Mama, ni gazi! Iko chini! Inua kichwa, inua kichwa tu!”

“Kadidja.” Alitafuta neno kama aliyelisahau. “Kichwa inaniuma. Usipige kelele. Lala.”

Kile kichwa kinachouma nilikijua. Nimekisoma katika vitabu, nimekieleza kwa wanafunzi waliotutembelea, na nilikieleza vizuri, na ubao na chaki. Sasa kilikuwa kichwa cha mama yangu.

Kila mutu aliyekaa huku amesikia habari ya wale wanaoshuka kumutoa mutu. Anashuka mudogo, kakaye anashuka kumufuata, jirani anashuka kuwafuata wawili, na jioni wanatolewa watatu. Sisi wa labo ndio tunaokwenda kuwaambia watu: usishuke! Hata akiwa nani wako, usishuke, ita watu, tafuta kamba. Kamba yangu ilikuwa ziwani. Watu walikuwa wamelala sakafuni, mji muzima. Nilivuta pumzi yote ambayo kifua changu kinaweza kuchukua, nikafunga mudomo, nikashuka.

Nilimushika mukono na kuvuta. Mama yangu ni mutu wa kilo, si wa kubeba. Nilivuta kwa nguvu zote, nikamusogeza kidogo, beseni ikabiringika chini na kumugonga yule mbwa. Mama akafungua macho. Aliniona nimesimama juu yake, kichwa wazi, risasi zinalia. Na mama yangu akafanya kile alichofanya maisha yake yote. Alinikamata shingo kwa mukono ule mwingine, akanivuta chini, akanibonyeza uso kwenye majani.

“Lala,” akanong’ona, kwa upendo kabisa. “Lala, mutoto yangu. Itapita.”

Sijawahi kuogopa hivyo, na sitaki tena. Si kwa sababu ya gazi. Ni kwa sababu ule mukono ulikuwa muzuri. Ulikuwa na harufu ya mafuta ya kukaangia, ulikuwa na uzito ule ule wa simenti ya bafu, na sehemu moja yangu, wallahi, ilisema: sawa, mama yuko hapa, tulale. Kifua kiliwaka moto. Mudomo ulitaka kufunguka. Macho yalianza kuwasha na kutoa machozi, ni gazi hiyo, inawasha ikigusa majimaji. Nilimuuma. Nilimuuma mama yangu mukono, kwa meno, mpaka akaniachia, nikapanda kwa mikono na magoti mpaka kingoni, na pale nikafungua mudomo na kuvuta hewa kwa sauti kama ya punda.

Nilipogeuka, alikuwa ameshalaza uso tena.

“Mama! Mama Kadidja!”

Kidole kimoja kilicheza kwenye majani. Baharanyi alikuwa amefika nyuma yangu, anatambaa. Nilimuona anapima shimo kwa macho, nikaona anajiandaa kushuka, nikamukamata shati.

“Tutamutoa wawili,” akasema.

“Tutakufa watatu. Kaa!”

Kushuka tena sikuweza, kifua kilikuwa hakijarudi. Kumueleza nilikuwa nimemueleza. Fizikia yote niliyo nayo, uzito wa gazi, upepo, mupaka, vyote nilikuwa navyo pale, na havikuweza kuinua mwanamuke mumoja kutoka chini. Hatasimama kwa ajili ya mazuku, kwa sababu mazuku haioni. Hatasimama kwa ajili ya kuokoa roho yake, kwa sababu roho yake anaiokoa kwa kulala. Nilimuangalia pale, na nikauliza, haraka haraka, ndani ya ule woga: mama yangu, ni kitu gani kinachoweza kukusimamisha katika risasi?

Kulikuwa na kimoja. Kunisamehe ni kazi yake. Nilijitupa chini pale kwenye kingo, nikapiga yowe lililonipasua koo.

“Mama! Wamenipiga! Yoo mama yangu, wamenipiga! Ninakufa, mama!”

Kidole kikaacha kucheza. Halafu mukono ukajikunja. Halafu kichwa kikainuka kutoka kwenye majani, na chini ya kichwa mabega, na mama akajisukuma juu kwa mikono miwili akapiga magoti, anayumba, mate yanamutoka. Usikae hapo, mama. Usikae kwenye magoti, magoti bado ni chini. Nilipiga yowe lingine, la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Akasimama.

Pua yake ilitoka juu ya mupaka. Niliona alivyovuta hewa, kifua kizima kikapanda. Alianguka hatua moja, Baharanyi akapiga kelele, mama akashika jiwe na kupanda, anapanda vibaya, kiatu kimoja kimebaki, kitenge kinafunguka. Alikuwa anasema kitu kimoja tu, na pumzi haikumutosha: “Nakuya. Nakuya. Nakuya.”

Akafika. Akatoka shimoni muzima muzima, na hakulala.

Risasi zilikuwa zinalia bado, karibu zaidi, sasa nilisikia na zile zinazopiga filimbi juu ya mawe. Baharanyi alikuwa amejibana chini. Mimi nilikuwa chini. Mama yangu, ambaye katika vita vyote hakuinua hata kisigino, alikuwa amesimama juu ya kingo na mwili wake wote, hakuna hata kijiti mbele yake.

“Wapi? Wamekupiga wapi?”

“Lala, mama! Sasa lala, hapa ni pazuri!”

“Nakuuliza wapi!” Aliniinua, akanishika kichwa, akapitisha vidole ndani ya nywele, shingoni, nyuma ya masikio. Nilimuvuta kitenge, nilimuvuta mukono, ni kama kuvuta nyumba. Aliona damu kwenye goti langu, ile ya mawe ya pwani, akaifuta na kiganja na kuitupilia mbali. “Hii si yenyewe. Ile ya risasi iko wapi?”

“Hakuna, mama! Sijapigwa! Nilikudanganya, nilitaka utoke, sijapigwa popote! Lala!”

Nilifikiri nikisema hivyo imekwisha. Lakini mama yangu ameshika mikononi watu waliopigwa. Kaka yake mwenyewe, mujomba Useni, alisema “haiko kitu, haiko kitu” kutoka mulangoni mpaka alipoanguka kwenye kitanda. Mama anajua kwamba aliyetobolewa ndiye wa kwanza kusema hana kitu.

“Nyamaza,” akaniambia, analia. “Usiongee, utamaliza nguvu.” Akafunua blauzi yangu mbele ya Baharanyi bila haya, akaangalia kifua, akaangalia mbavu moja moja. Niliapa kwa Mungu kwamba niko muzima, nilimukumbatia miguu ili aanguke, na kila nilipoapa ndipo alipozidi kutafuta, amesimama wima, mugongo wake wote umeelekea barabarani, kule risasi zinakotoka.